Kompyuta ya michezo: Usinunue pawa saplai kwa kubahatisha

KIJANA anayejiundia kompyuta ya michezo hapa mjini kwa kawaida hununua vipuri vyake kimoja kimoja. Mwezi huu prosesa, mwezi ujao madabodi, na baada ya kujinyima kwa muda hununua kadi ya picha, ambayo ndiyo huwa ghali kuliko vyote. Anapofika kwenye pawa saplai, fedha zimekwisha. Hapo huchukua ile iliyokuja na kasha, au ile ya bei ya chini kabisa dukani, kwa kuwa kibandiko chake kimeandikwa wati 500 na muuzaji amemhakikishia kuwa zinatosha.

Uamuzi huo wa dakika chache ndio unaoweza kuamua iwapo vipuri vilivyonunuliwa kwa miezi kadhaa vitadumu au vitaungua kwa siku moja. Pawa saplai ndiyo inayolisha kila kipuri ndani ya kasha. Prosesa ikifa, kwa kawaida hufa peke yake. Pawa saplai mbovu ikifa, inaweza kuondoka na madabodi, kadi ya picha na hata diski yenye kazi zako zote.

Makala haya yanaeleza kazi ya kifaa hiki, namna ya kukokotoa kiasi cha umeme kinachohitajika, namna ya kusoma kibandiko bila kudanganyika, na mambo ambayo mkazi wa miji yetu, ambako umeme hupanda, hushuka na kukatika, hana budi kuyazingatia.

Kazi ya pawa saplai

Umeme wa ukutani nchini Tanzania ni wa volti 230 na nchini Kenya ni wa volti 240. Wote ni wa mkondo geu, yaani hubadili mwelekeo, kwa mizunguko 50 kila sekunde. Vipuri vya kompyuta haviwezi kuutumia umeme wa namna hiyo. Vinahitaji mkondo mnyoofu wenye volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kazi ya pawa saplai ni kuugeuza umeme wa ukutani kuwa huo unaohitajika, na kuhakikisha kuwa volti hazitetereki hata pale mzigo unapobadilika ghafla. Kwa miaka mingi kanuni imekuwa kwamba njia ya volti 12 isipande wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 5, yaani ibaki kati ya volti 11.4 na 12.6.

Kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na pawa saplai ya wati 63.5 tu. Kadi ya picha ya GeForce RTX 5090, iliyoingia sokoni mwaka 2025, peke yake hutumia hadi wati 575, ikiwa ni karibu mara tisa ya kompyuta nzima ya wakati ule. Ndiyo maana suala ambalo zamani halikumsumbua mnunuzi leo limekuwa la kwanza.

Jambo jingine lililobadilika ni njia inayobeba mzigo. Mpangilio wa ATX, ambao kampuni ya Intel iliuanzisha mwaka 1995 na ambao ungali unatumika, ulianza wakati prosesa zikichukua umeme wake kwenye njia za volti 5 na volti 3.3. Kuanzia prosesa za Pentium 4 za mwaka 2000, mzigo ulihamia kwenye volti 12. Hivi sasa karibu umeme wote wa prosesa na kadi ya picha hutoka kwenye njia hiyo. Msomaji alishike jambo hili, kwani ndilo litakalomsaidia kutambua kibandiko cha udanganyifu.

Kukokotoa wati zinazohitajika

Hesabu yenyewe si ngumu. Orodhesha vipuri vyako, andika kiwango cha juu cha umeme cha kila kimoja, kisha jumlisha.

Tuchukue mfano wa kompyuta ya kiwango cha kati yenye prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya GeForce RTX 3060. Prosesa hiyo hutajwa kuwa ya wati 65, lakini inaweza kuzidi hapo inapofanya kazi nzito, hivyo tuipe wati 88. Kadi ya picha hutumia wati 170. Madabodi tuipe wati 50, vipande viwili vya RAM wati 10, SSD wati 8, diski ya kawaida wati 10, feni tatu wati 10, na kibodi, kipanya na vifaa vingine vya USB wati 10. Jumla ni wati 356.

Angalizo la kwanza linahusu prosesa. Wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi si lazima ziwe kikomo. Core i5-12400F huandikwa wati 65, lakini Intel yenyewe hueleza kuwa inaweza kufika wati 117. Core i9-14900K huandikwa wati 125, na kikomo chake ni wati 253. Anayekokotoa kwa namba ndogo atajikuta amepunjika wati zaidi ya 100 kabla hata ya kuigusa kadi ya picha.

Angalizo la pili linahusu skrini. Skrini ina waya wake wa ukutani, hivyo haiingii katika hesabu ya pawa saplai. Itaingia baadaye, tutakapozungumzia UPS.

Akiba ni ya lazima

Mtu mwenye kompyuta ya wati 356 hapaswi kununua pawa saplai ya wati 400. Zipo sababu tatu.

Kwanza, kadi za picha za kisasa hazinywi umeme kwa utulivu. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kadi inaweza kuvuta kiasi kinachokaribia mara mbili ya wati zake za kawaida. Miruko hiyo haionekani kwenye mita, lakini pawa saplai huiona, na isiyo na akiba huzima kompyuta papo hapo. Kutokana na tatizo hilo, toleo la ATX 3.0 la mwaka 2022 liliweka sharti kwamba pawa saplai iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi kubwa istahimili mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa muda mfupi sana, ule wa maikrosekunde 100.

Pili, joto. Baadhi ya watengenezaji hupima uwezo wa bidhaa zao katika nyuzi joto 25 za Selsiasi, wengine 40, na walio makini zaidi 50. Dar es Salaam au Mombasa katika mwezi wa Februari, hewa ya chumbani peke yake hupita nyuzi 30, na ndani ya kasha joto huwa kubwa zaidi. Pawa saplai iliyopimwa katika nyuzi 25 haitatoa wati zake zote katika chumba cha namna hiyo. Tafuta maelezo ya mtengenezaji yanayotaja nyuzi 40 au 50.

Tatu, uzee. Vipuri viitwavyo kapasita, vinavyotuliza umeme ndani ya pawa saplai, huchoka taratibu. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila joto linapopungua kwa nyuzi 10, umri wa kapasita huongezeka mara mbili. Pawa saplai isiyosukumwa hadi kikomo hupoa zaidi, na hivyo hudumu zaidi.

Kwa kompyuta yetu ya mfano, pawa saplai nzuri ya wati 550 inatosha, na ya wati 650 inatoa nafasi ya kubadili kadi siku za usoni. NVIDIA yenyewe hupendekeza wati 550 kwa RTX 3060.

Kama mwongozo wa jumla, kadi zinazotumia hadi wati 130 zinatoshelezwa na pawa saplai ya wati 450 hadi 550. Kadi za kati ya wati 130 na 200 zinahitaji 550 hadi 650. Kadi za hadi wati 285 zinahitaji 700 hadi 750. Kwa RTX 4090 ya wati 450, mtengenezaji hupendekeza wati 850, na kwa RTX 5090 hupendekeza wati 1,000. Mapendekezo hayo tayari yana akiba ndani yake, hivyo hakuna haja ya kuyazidisha mara mbili.

Hapa inafaa kuondoa hofu moja iliyoenea. Wapo wanaoamini kuwa pawa saplai ya wati 750 itakula umeme wa wati 750 muda wote na kumaliza LUKU. Si kweli. Pawa saplai huvuta kile tu ambacho vipuri vinakihitaji, pamoja na kiasi kinachopotea kama joto. Wati 750 ni uwezo wake wa juu, kama vile spidi ya mwisho iliyoandikwa kwenye dashibodi ya gari haimaanishi kwamba gari hukimbia hivyo kila siku.

Kusoma kibandiko

Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya boksi isikubabaishe. Ukweli umo kwenye jedwali dogo lililobandikwa ubavuni mwa pawa saplai yenyewe. Tafuta safu ya volti 12 na usome ampea zake. Zidisha ampea hizo kwa 12, utapata wati halisi ambazo prosesa na kadi ya picha vitagawana.

Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huwa na ampea zipatazo 45 kwenye njia hiyo, yaani wati 540. Sasa chukua ile ya bei poa iliyoandikwa wati 500, ambayo jedwali lake linaonyesha ampea 18. Kumi na nane mara 12 ni 216. Hiyo si pawa saplai ya wati 500 kwa kompyuta ya leo. Kompyuta yetu ya mfano, ambayo prosesa na kadi yake peke yake zinahitaji wati 258, ingeizidi nguvu mara tu mchezo unapoanza.

Mbinu ya watengenezaji wa aina hiyo ni kujumlisha wati za volti 5 na volti 3.3, ambazo hazina kazi kubwa siku hizi, ili jumla ionekane kubwa. Wengine huandika kiwango cha mruko wa sekunde chache badala ya kile kinachoweza kutolewa saa zote. Ikiwa kibandiko hakina jedwali la ampea kabisa, usiinunue hata kama muuzaji ataapa.

Uzito nao ni kidokezo. Pawa saplai yenye vipuri kamili ndani yake huwa nzito kuliko inavyodhaniwa kwa ukubwa wake. Hata hivyo uzito si ushahidi wa kutosha peke yake.

Alama za ufanisi

Hakuna pawa saplai inayogeuza umeme wote bila kupoteza. Sehemu hugeuka kuwa joto. Mwaka 2004 ulianzishwa nchini Marekani mpango uitwao 80 PLUS, unaozitambua pawa saplai ambazo ufanisi wake haupungui asilimia 80. Mwaka 2008 ziliongezwa ngazi za Bronze, Silver na Gold, na baadaye Platinum na Titanium. Katika kipimo cha umeme wa volti 115, Bronze hufikia asilimia 85 mzigo ukiwa nusu, na Gold asilimia 90. Katika umeme wetu wa volti 230, ufanisi huwa mkubwa kidogo zaidi.

Je, tofauti hiyo ina maana gani mfukoni? Kompyuta yetu ya wati 356, ikiwa na ufanisi wa asilimia 85, itavuta wati 419 ukutani. Ikiwa na asilimia 90, itavuta wati 396. Tofauti ni wati 23. Kwa anayecheza saa nne kila siku, hiyo ni takriban yuniti 34 kwa mwaka mzima. Zidisha kwa bei ya yuniti unayonunua, kisha linganisha na tofauti ya bei ya pawa saplai hizo mbili dukani. Mara nyingi utaona kuwa akiba ya umeme peke yake haitoshi kukushawishi ununue Gold. Faida ya ziada ni joto dogo na feni isiyopiga kelele.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba alama hizi hupima ufanisi, hazipimi ubora wote. Hazisemi lolote kuhusu kinga, wala uimara wa kapasita. Aidha, alama hughushiwa. Bidhaa zilizothibitishwa huorodheshwa hadharani kwenye intaneti na mpango wenyewe, hivyo mnunuzi anaweza kuhakiki jina la modeli kwa simu yake akiwa bado dukani.

Kinga dhidi ya hatari

Pawa saplai nzuri hujizima yenyewe kabla haijaangamiza vingine. Katika maelezo yake tafuta kinga tano: dhidi ya volti kuzidi, dhidi ya volti kupungua, dhidi ya mzigo kuzidi uwezo, dhidi ya shoti, na dhidi ya joto kali. Kukosekana kwa kinga ya volti kuzidi ndiko kunakogeuza hitilafu ndogo kuwa msiba, kwa kuwa njia ya volti 12 ikiruka hadi volti 15 au 16, vipuri vilivyounganishwa navyo hupokea kiasi hicho.

Dalili nyingine ya ubora ni kapasita zinazostahimili nyuzi joto 105 badala ya 85, na udhamini. Kampuni inayotoa udhamini wa miaka mitano, saba au kumi inakueleza kitu kuhusu imani yake kwa bidhaa yake. Ila uliza mapema nani atakayeutekeleza udhamini huo hapa nchini. Udhamini wa miaka kumi unaodaiwa katika bara jingine hauna msaada mkubwa, na pengine ule wa miaka mitatu wa duka la mjini wenye risiti ni bora zaidi.

Plagi na waya

Kabla ya kulipa, hakikisha pawa saplai ina plagi zote unazohitaji. Madabodi huhitaji plagi kubwa ya pini 24, na prosesa huhitaji ya pini 8, wakati mwingine mbili. Kadi ya picha hupata wati 75 kupitia mfereji ilimochomekwa kwenye madabodi. Plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza 150. Kwa hiyo kadi yenye plagi moja ya pini 8 ina njia rasmi ya wati 225.

Kadi kubwa za miaka ya karibuni hutumia plagi moja ndogo ya pini 16 iitwayo 12VHPWR, inayoweza kupitisha hadi wati 600. Mwishoni mwa mwaka 2022 ziliripotiwa plagi za aina hiyo zilizoyeyuka kwenye kadi za RTX 4090. NVIDIA ilieleza Novemba mwaka huo kuwa ilikuwa inafahamu matukio yapatayo 50 duniani, na kwamba sababu kubwa iliyoonekana ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 plagi hiyo ilifanyiwa marekebisho na kuitwa 12V-2x6. Fundisho kwa mtumiaji ni kuisukuma mpaka isibaki nafasi, na kutoukunja waya karibu na plagi.

Yapo makosa mawili ambayo yamewatia watu hasara. La kwanza ni kutumia adapta inayochukua umeme wa plagi ya SATA ya diski na kuupeleka kwenye kadi ya picha. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba ampea 4.5 kwenye njia ya volti 12, yaani wati 54. Ukiilazimisha ibebe 75 au 150, itayeyuka. Kama pawa saplai haina plagi ya kadi ya picha, hiyo yenyewe ni ishara kwamba haikukusudiwa kwa kadi hiyo.

La pili ni kuchanganya waya. Pawa saplai nyingi siku hizi zina waya wa kuchomoa. Upande wa kadi plagi zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Waya wa pawa saplai ya zamani ukichomekwa kwenye mpya unaweza kupeleka volti 12 mahali panapotakiwa volti 5, na diski ikafa kwa sekunde moja. Unapobadili pawa saplai, badili na waya zake zote.

Umeme wa miji yetu

Mkazi wa Kariakoo au Eastleigh ana tatizo ambalo waandishi wengi wa vitabu vya kompyuta hawalijui. Umeme hushuka jioni watu wanapowasha majiko na pasi, hukatika bila taarifa, na hurudi kwa kishindo. Hata miji mikuu haijasalimika. Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi kutokana na hitilafu ya gridi.

Kwa hiyo angalia volti ambazo pawa saplai inaweza kupokea. Zile zenye kirekebishaji cha mkondo cha kisasa huandikwa volti 100 hadi 240, na hizo haziyumbi umeme ukishuka hadi 180 au hata 160. Nyingine, hasa za bei nafuu, huandikwa volti 200 hadi 240 tu. Katika mtaa ambao taa hufifia kila jioni, hizo zitazima kompyuta mara kwa mara.

Tahadhari kubwa iwe kwa pawa saplai za zamani zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, ya kuchagua volti 115 au 230. Kompyuta iliyoletwa kutoka Marekani, ambako umeme ni wa volti 120, inaweza kuwa imewekwa kwenye 115. Ukiichomeka kwenye umeme wetu bila kuibadili swichi hiyo, italipuka kwa mshindo papo hapo.

Pawa saplai bora inaweza kustahimili kukatika kwa umeme kwa kiasi cha milisekunde 16 hivi, muda unaotosha kwa UPS ya kawaida kushika zamu. Lakini UPS nayo ina hesabu yake. Namba yake huandikwa kwa VA, si wati. UPS nyingi ndogo hutoa wati zipatazo asilimia 60 ya namba hiyo, hivyo ya VA 650 ni ya wati 390. Kompyuta yetu huvuta wati 419 ukutani, na skrini ikiongeza 30 inakuwa karibu 450. UPS hiyo itazidiwa umeme ukikatika katikati ya mchezo. Inahitajika angalau ya VA 1,000. Aidha, baadhi ya pawa saplai za kisasa hazielewani na UPS za bei ya chini zinazotoa umeme wa mawimbi ya ngazi, na huzima. Kama uwezo upo, chagua UPS inayotoa wimbi laini kama la umeme wa ukutani.

Usisahau waya wa ardhi. Soketi yenye matundu matatu haimaanishi kwamba tundu la tatu limeunganishwa na chochote. Ukigusa kasha na kuhisi mchomo mdogo, mwite fundi umeme akague nyumba kabla ya kulaumu kompyuta. Na umeme unapokatika, chomoa plagi ukutani, usubiri urudi na kutulia kwa dakika chache.

Kompyuta za ofisi za mtumba

Vijana wengi huanza kwa kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kisha huongeza kadi ya picha. Njia hii ni nzuri kwa mfuko, lakini pawa saplai za kompyuta hizo mara nyingi huwa za kati ya wati 180 na 300, na baadhi ya watengenezaji hutumia plagi zisizofuata mpangilio wa ATX, hivyo kuibadili si rahisi.

Suluhisho la salama ni kuchagua kadi isiyohitaji plagi ya ziada, inayotosheka na wati 75 za madabodi. GeForce GTX 1050 Ti na baadhi ya matoleo ya GTX 1650 ni za aina hiyo. Hazitaendesha kila mchezo mpya kwa ubora wa juu, lakini zitacheza mingi bila kuhatarisha mashine.

Kuhusu pawa saplai ya mtumba inayouzwa peke yake, ushauri ni kuiepuka, isipokuwa unajua umri wake na aliyeitumia. Kapasita zilizochoka hazionekani kwa nje.

Dalili za pawa saplai iliyozidiwa

Kompyuta inayofanya kazi vizuri unapoandika barua, lakini hujizima au kujiwasha upya mchezo unapofika pazito, mara nyingi inalalamikia pawa saplai. Dalili nyingine ni harufu ya plastiki iliyoungua, mlio wa feni usiokoma, na kompyuta inayowaka baada ya kubonyeza mara kadhaa. Hata hivyo joto la prosesa na RAM mbovu huleta dalili zinazofanana, hivyo fundi mwaminifu atajaribu pawa saplai nyingine kabla ya kukuuzia.

Jambo moja lisijaribiwe nyumbani. Usiifungue pawa saplai, hata kama umeichomoa ukutani. Kapasita zake kubwa huhifadhi umeme unaoweza kuzidi volti 300, na huweza kubaki nao kwa muda baada ya kuzimwa. Umeme huo unaua. Kusafisha kunakoruhusiwa ni kupuliza vumbi kwenye matundu kwa nje.

Wakati wa kufunga, kama kasha lina matundu na chujio chini, feni ya pawa saplai itazame chini ivute hewa ya nje. Kama kasha linakaa juu ya zulia, igeuze itazame juu.

Kwa kumalizia, anayepanga bajeti ya kompyuta ya michezo asiiache pawa saplai iwe ya mwisho kwenye orodha. Akishaijua kadi ya picha na prosesa anazozitaka, akokotoe wati, aongeze akiba, kisha atenge fedha za pawa saplai kabla ya kununua taa za rangi na kasha la vioo. Kadi ya picha hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Pawa saplai iliyochaguliwa vizuri inaweza kuzihudumia kadi mbili au tatu kabla ya kustaafu, wakati ile ya kubahatisha huenda isimalize hata mwaka na kadi ya kwanza. Wahenga walishasema, rahisi ghali.